Kulabu za Dari ya Mavyaa

Katikati ya miaka ya hamsini niliolewa katika nyumba ya mawe hapa Amu. Mimi na mume wangu tulikaa orofani, na mavyaa, mamake mume wangu, akikaa chini. Nilikuja na cherehani ya miguu, na kutwa nilishona kanzu na mabuibui ya watu, kwa kuwa juu ndiko kulikokuwa na mwanga.

Mwaka wa pili mavyaa alishikwa na maradhi ya kichwa. Kila nilipokanyaga pedeli, alifunika masikio kwa mto. Nilimwambia nitaacha kushona mpaka apone.

"Usiache, mwanangu," alisema. "Hiyo ni riziki yako. Tafuta ndia nyingine."

Nilitandika majamvi mawili chini ya cherehani, lakini nafuu ilikuwa ndogo. Basi alasiri moja nilimwomba mume wangu akapige pedeli mimi nikiwa chini. Alicheka, ila alikwenda. Nilitega sikio ukutani nikasikia kwa mbali. Nilipopanda juu ya kiti na kulibandika sikio kwenye boriti, cherehani ilikuwa kama imo ndani ya mti wenyewe. Nilihama boriti hadi boriti, mavyaa akinitazama kitandani kama mtu aliyeanza kupata wasiwasi juu ya mkwewe.

Nilimwita mjomba wangu, fundi wa majahazi kule Matondoni. Alisikiliza kama nilivyosikiliza mimi, kisha akasema tutundike dari ya pili chini ya ile ya boriti: fito nyembamba, majamvi, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa katikati.

"Na itashikwa na nini?" mavyaa aliuliza. "Nitalala chini yake mimi."

Mjomba alikwenda kutafuta vyuma. Siku ya pili alikuja na aina tatu za vyuma: misumari ya dukani, ambayo ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko vyote, kulabu ndogo za shaba za kutundikia mapazia, na kulabu nene za chuma kilichochovywa zinki, zenye parafujo, masalio ya kazi yake ya vyombo. Alitoboa boriti moja ya ghalani kwa keekee, akatia kila aina, na kila kimoja akakitundikia mfuko wa mchanga wa uzito uleule.

"Utazame kila siku," aliniambia, "wala usipite chini yake."

Nilikwenda kutazama hata mara tano kwa siku. Msumari ulianza kuteleza siku ya kwanza. Ulipigwa kutoka chini kwenda juu, na mzigo ulikuwa ukiuvuta kurudi palepale ulipoingilia. Siku ya tatu niliukuta mfuko sakafuni. Shaba haikutoka, lakini mdomo wake ulifunguka kidogo kidogo. Ile ya zinki haikujongea.

"Shaba hailiwi na kutu," nilimwambia mjomba aliporudi. Nilikuwa naipenda ile rangi.

"Ni kweli. Iliyo nene ingekufaa, lakini bei yake hamuiwezi. Hii ya zinki itachelewa kuliwa na chumvi, na ukiona wekundu utaibadilisha. Nami nitatia nyingi, kila moja iweze kubeba mzigo wa mbili. Moja ikikatika, Bi Mkubwa ataamka salama."

Alipotia kulabu ya kwanza chumbani, nilimtuma tena mume wangu kwenye cherehani, nikaweka sikio kwenye waya wa kubebea fito uliokuwa ukining'inia hapo. Sauti ilikuwa imeshuka nao. Nilimwonyesha mjomba. Aliutazama mguu wake, akavua ndara yake ya mpira wa gurudumu na kuikata vipande. Kila kipande alikiweka kati ya kulabu na waya. Nikasikiliza tena. Palikuwa na mtetemo mdogo tu.

Tulipoitundika dari, fito tuliziacha mbali na ukuta kwa upana wa kidole, sauti isipitie hapo. Taa ya mafuta ya taa iliyokuwa katikati ya chumba tuliihamishia kwenye kidaka cha ukutani, maana makumbi hushika moto upesi. Mjomba aliishika dari kwa mikono miwili, akajining'iniza. Hapo ndipo mavyaa alipokubali kurudisha kitanda chake, tulichokitoa wakati wa kazi.

Kelele haikwisha yote. Iliyobaki ilipitia ngazini, na pazia zito likaipunguza. "Sasa nasikia kama jirani wa nyumba ya tatu ashona," mavyaa alisema. Mchana ule alilala mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Habari zilienea. Bibi mmoja wa mtaani alituma kuniita: wapangaji wake wa juu walikuwa wakitwanga alfajiri. Nilivaa buibui nikaenda. Nilimwomba kiti, nikapanda, nikabandika sikio kwenye boriti yake ya kwanza.