Maziwa Aliyomnyima Mtoto wa Dada Yake

Hapa Garissa mtu hakuulizi jina kabla hajakuuliza wewe ni wa nani. Akishaujua ukoo wako ameshajua nusu ya siri zako, na nusu iliyobaki ataipata kwa binamu. Mimi sina ukoo hapa. Babu yangu alivuka daraja kutoka upande wa Tana kuja kulima mashamba ya kando ya mto, na ingawa nimezaliwa hapa, na Kisomali nakijua hadi cha kugombana na wauza nyama, bado nahesabiwa mgeni. Zamani jambo hilo lilinikera sana. Siku hizi ndilo linalonipa kazi.

Kazi yenyewe ni kuwasaidia akina mama wenye virusi vya ukimwi wawaambie watoto wao. Mimi pia ninavyo. Wanangu wawili niliwaambia mwenyewe: mmoja alilia, mwingine akauliza kama chakula kimeiva. Kliniki ilinichukua kwa sababu hiyo. Akina mama wananichagua kwa sababu yao: nikijua mimi, sina shangazi wa kumpelekea habari. Wapo wanaotoka Wajir, wengine Liboi, wamewaaga watu wa nyumbani kwamba wanafuata nguo za kuuza. Na kweli hurudi na nguo, dawa zikiwa zimekunjwa katikati ya madira.

Namna yangu ni nyepesi. Namketisha mama kwenye mkeka, nakaa mbele yake, halafu nageuka mtoto wake. Ananiambia mimi kwanza. Namuuliza maswali ya mtoto, yale mabaya. Utakufa lini? Ni baba alikupa? Ulifanya nini? Wapo wanaocheka wakiniona nimenuna kama msichana wa darasa la saba, na mwili wangu huu. Lakini wakifika kwenye neno lenyewe hunywa maji, wakaanza tena. Tunarudia mpaka ulimi ulizoee.

Mama ninayemkumbuka kuliko wote alikuja mwaka jana, siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Alikuwa mjane, muuza mashuka sokoni, mtu wa maneno machache. Nilimsalimu kwa Kisomali, yeye akanijibu kwa Kiswahili. Alikishika Kiswahili kama kitambaa cha kuipulia sufuria ya moto.

"Abaayo, hii mtoto yangu naenda," aliniambia, akiniita dada kwa Kisomali. "Naenda kaa kwa dada yangu, Wajir. Mimi hanitaki tena. Nataka yeye najua kweli mbele ya kubanda gari."

Nikamuuliza kwa nini binti hamtaki. Akanieleza.

Miaka kadhaa nyuma dada yake mdogo, huyu ambaye sasa yuko Wajir, alijifungua hapa Garissa kwa kupasuliwa, akabaki kitandani hospitalini hajitambui. Bibi, mama yao wote wawili, akamchukua yule mchanga, akaenda naye moja kwa moja kwa huyu mama, ambaye wakati huo alikuwa akimnyonyesha kitinda mimba wake. Kwa watu wa huku hilo halina kuombana. Mtoto wa dada huwekwa kwenye ziwa lako, akanyonya, basi amekuwa wako, na wanao wamekuwa ndugu zake wa maziwa. Bibi hata hakusema neno. Alimlaza mapajani mwa binti yake, akageuka kutafuta maji ya kunywa.

Mama akamrudisha.

Alikuwa ameijua hali yake akiwa na mimba ya huyo kitinda mimba, kwenye kliniki ya wajawazito. Alikuwa akimeza dawa zake, na kitoto chake kikipewa dawa ya maji, wauguzi wakiwafuatilia wote wawili. Mtoto wa dada hakuwa na dawa yoyote, na kumtafutia ilikuwa sawa na kuwatangazia watu wote. Akasema hapana, sababu hakutoa. Mchanga akanyweshwa maziwa ya mbuzi yaliyotiwa maji, akaanza kuharisha. Hakufikisha arobaini.

Binti yake huyu wa safari alikuwa mdogo wakati huo, lakini alikuwa na macho. Alimwona mama yake akimnyonyesha mdogo wake juma lile lile la mazishi.

"Ukimwambia," nilimwonya, "ataenda nayo hadi kwenye nyumba ile ile. Akimwambia dada yako leo, kesho kutwa wanajua hadi Elwak."

"Najua."

"Na soko lako? Nani atanunua shuka kwako?"

"Najua, abaayo. Lakini yeye nafikiri mimi niliua mtoto."

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Pengine bibi aliyemlaza mtoto mapajani bila kuuliza, pengine ugonjwa, pengine sisi wote tunaoufanya uwe mzito kuliko ulivyo. Nilimwambia akae kwenye mkeka, tukaanza mazoezi.

Alimleta binti siku yenyewe ya safari, tiketi imeshakatwa. Msichana mrefu, mtandio mweusi hadi magotini, simu mkononi, anatafuna ubani wa dukani. Alinisalimu kwa Kiswahili cha shule.

"Madam, hii itachukua muda? Gari ni ya saa nane."

Nilimwambia mama yake ana neno, na mimi nipo kusikiliza tu. Waliongea Kisomali wao kwa wao, nami nakiandika hapa kwa lugha yangu.

"Hooyo," mama alianza. Huku mama humwita mwanawe kwa jina lile lile ambalo mwana humwita yeye. "Hooyo, dawa ninazomeza si za alsa, vidonda vya tumbo. Nina virusi vya ukimwi. Nilikuwa navyo siku ile bibi alipomleta mtoto wa mama yako mdogo. Vinapita kwenye maziwa. Nilimkatalia ili asivipate."

Hakusita hata mahali pamoja. Nilimwonea fahari, nusura nipige makofi.

Binti aliacha kutafuna. Nikangoja swali la kifo, au la baba. Hakuuliza lolote kati ya hayo.

"Mimi ulininyonyesha?"

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nimecheza mtoto wa watu wengi, na sikuwahi kuuliza hilo.

"Miaka miwili," mama akasema. "Sikuwa nikijua."

"Kwa hiyo yeye ulimwogopea, mimi ukaninywesha."

"Nilipojua tu, nilikuleta hapa. Walikuchoma kidole. Hukuwa na kitu, alhamdulillahi. Nilikwambia ni malaria."

"Ulinidanganya ya malaria, ukanidanganya ya alsa. Hii nitaijuaje kama ni kweli?"

Mama alinitazama. Nikamwambia binti kwamba ninaweza kumpima sasa hivi, ajionee mwenyewe. Alifikiri kidogo, kisha akanyoosha kidole bila kumtazama mama yake. Nikachukua tone la damu, nikaweka kipimo mezani, nikamweleza: mstari mmoja huna, miwili unavyo, na ni lazima tungoje. Tukangoja. Nilijua majibu yale ya zamani yalikuwa ya kuaminika, ila sikuondoa macho kwenye kipimo.

Simu ya binti ikaita. Alikuwa mama yake mdogo. Watu wa Wajir huongea na simu kana kwamba wanaita ngamia aliyepotea, kwa hiyo tulimsikia wote. Aliuliza kama ameshapanda gari. Kisha akasema, "Na huyo mama yako asikuzuie. Huyo hana huruma na mtoto wa mtu. Wewe mwenyewe ulimwona."

Mama alishika ncha ya shuka alilojitanda, akaibana mdomoni. Neno moja tu kutoka kwa msichana yule, na maisha ya mama yake katika mji huu yalikuwa yameisha. Mkono wangu uliinuka wenyewe, kama wa kumnyang'anya simu, nikaurudisha mapajani.

"Habaryar, nisikilize," binti akamwambia mama yake mdogo. "Siku ile Hooyo alikuwa na jipu kwenye ziwa. Lilikuwa linatoa usaha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchemshia maji ya kujikanda. Maziwa yenyewe yalikuwa ya upande mmoja, hata mdogo wangu hayakumtosha. Aliona aibu kumwambia bibi."

Sauti ile kubwa ya Wajir ikarudi imekuwa ndogo. "Mbona hakuniambia mimi?"

"Si nimekwambia aliona aibu. Leo siji. Nitakupigia."

Akaiweka simu mezani, pembeni ya kipimo, ambacho kilikuwa bado hakijatoa jibu. Nilitaka kumkemea, na nilitaka kumbusu mkono. Kwenye mazoezi mimi ndiye niliyemwambia mama yake kwamba kweli itawapumzisha.

Muda ulipotimia nilisoma. "Mstari mmoja. Huna."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Mama yake alikuwa akilia ndani ya shuka bila sauti. Binti akasogea kwenye mkeka mpaka magoti yao yakagusana, akangoja kilio kitulie.

"Hooyo," akasema polepole, "akiniuliza tena, niseme ni ziwa la kulia au la kushoto?"

Mama alijifuta uso, akamtazama.

"La kushoto," akasema.