Gazeti la Shangazi Lata

Kila Jumatano nyumba yetu mjini Homa Bay ilinuka wino. Harufu ilipanda kutoka kwa mtambo wa kuchapa uliokuwa uani, ikachanganyika jikoni na ya chai ya tangawizi. Babu Devshi, aliyezaliwa ng'ambo ya bahari, alianza kwa kuuza chumvi na mafuta ya taa kule Sori. Kufikia wakati napata akili, tulikuwa na maduka hadi Migori, baba mkubwa Kishor alikuwa diwani, na dadake mdogo, shangazi Lata, alihariri gazeti letu. Watu walisema kwetu mtu hununua sukari, huomba kazi na husoma habari chini ya paa moja. Nilivimba kichwa nikisikia hivyo.

Nilikuwa darasa la nne, kampeni zimepamba moto, akina mama wa soko la samaki walipofika dukani. Mama Atieno, aliyetuuzia omena, wale dagaa wa ziwani, ndiye aliyesema. "Jaduong', mzee wetu, tumesikia diwani anataka kutuondoa ufuoni mjenge ghala. Wewe ulipofika huku, nani alikupa pahali pa kuweka chumvi yako?"

Shangazi alimkaribisha Mama Atieno ndani, akamsikiliza hadi chai ikapoa, kisha akaenda mwenyewe ofisi za baraza kuuliza. Ilikuwa kweli.

Jioni baba mkubwa aligonga meza. "Lata, utachapa habari ya kuniangusha? Damu ni nzito kuliko maji!"

"Kaka, hata wale mama wana damu."

Tukamgeukia babu. "Huku tulipokelewa," alisema. "Chapa."

Baba mkubwa alishindwa uchaguzini, akahamia Nairobi, na kwa miaka mingi sikukuu zetu zilikuwa na kiti kitupu. Soko lilibaki. Babu alipofariki, akina mama wa samaki walifunga vibanda vyao, wakaja kumlilia kama mzee wao.

Leo maduka yana wenyewe wengine, na mtambo uliuzwa kama vyuma chakavu. Habari hunifikia kwa simu kabla sijanawa uso, nyingi hazina mwandishi, zinatukana watu ambao aliyeziandika hatawahi kukutana nao. Hapo ndipo ninapomkumbuka shangazi. Aliweka jina lake chini ya habari ile, na jioni ilipotoka akaketi mkabala na kaka yake, akampakulia wali.