Gesi ya Kufika Dranya

Siku yangu ya kwanza kazini sikuwa natafuta kazi. Niliondoka kwetu Manibe asubuhi bila mpango, kama nilivyoacha shule, nikatembea hadi chini ya Arua Hill. Kwenye gereji moja nikasikia gari likilia: tik, kimya, tik. Nikauliza ni nini.

"Klachi ya kompresa ya AC," alijibu mwenye gereji, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Fundi Mkuu. "Gesi iko kidogo, kwa hiyo inashika, inaachia. Umemaliza kuuliza, ama unabeba hii spana?"

Nikaibeba.

Alikuwa na sheria moja. AC, mashine ya kupoza hewa garini, haili gesi kama injini inavyokula mafuta. Ikipungua, pana tundu. Tafuta tundu kwanza. Tulipaka povu la sabuni kwenye mipira na viungio, tukangoja kipovu kivimbe. Tukishaziba, pampu ilivuta hewa na unyevu wote, kisha tukajaza taratibu injini ikinguruma, macho kwenye geji ya presha. Mteja aliyesema "ongeza tu kidogo" alifukuzwa.

Nilihama gereji nyingi, hata za Kongo, lakini nilirudi kwake kila mara.

Mchana mmoja wa kiangazi likaja gari-nyumba, lile lenye kitanda na jiko ndani. Mzee aliyeliendesha alikuwa akimrudisha mkewe, Mama Zaitun, kwao Dranya. Hospitali ilikuwa imewaruhusu, na sote tulielewa kwa nini. AC ya dashibodi ilitoa hewa ya moto.

"Mama, lala nyuma, kitanda iko," alisema Fundi Mkuu.

"Nimelala hospitali mpaka kitanda kimenichoka. Nataka kukaa mbele, nione njia."

Povu lilivimba kwenye kondensa, ile kama rejeta ndogo ya mbele. Jiwe lilikuwa limeitoboa, na kondensa nyingine ingetoka Kampala, baada ya siku kadhaa. Fundi Mkuu alimtazama mama yule akijipepea kwa ncha ya mtandio.

"Jaza," akaniambia.

"Na tundu?"

"Jaza. Panda nao na mtungi wa gesi."

Njiani, kila hewa ilipoanza kupata joto, mzee alisimama, nikashuka kuongeza.

"Huyu mtu wa gesi iko na bibi?" Mama Zaitun alimuuliza mumewe. "Naona anashukashuka tu, kama anatafuta mmoja njiani."

Tulipopita mji wa Koboko, mtungi uliisha. Mzee aliniuliza kwa macho, nikatikisa kichwa. Mama alikuwa ameshaweka kiganja kwenye tundu la hewa la dashibodi.

"Zima," alisema. "Fungua dirisha. Hii hewa sasa ni ya kwetu."

Aliingia Dranya amekaa mbele, mkono nje. Wiki ile haikuisha, wakamzika.

Siku hizi sishiki geji tena. Vijana wakija kuniuliza kuhusu kazi, nawafundisha sheria ya Fundi Mkuu vilevile. Safari ile siwafundishi; nawasimulia tu.

Jioni ile ya kumfikisha Mama Zaitun, nilirudi Koboko kwa miguu, mtungi mtupu begani, nikaomba chumba nyuma ya soko.

"Unakaa siku ngapi?" aliuliza mwenye nyumba.

"Sijui, mama," nikasema, nikautua mtungi mlangoni. Bado uko palepale, nami bado nakaa humo.