Ukaguzi wa Masanduku

Siku ya kufungua shule, matroni huweka kiti chake mlangoni mwa bweni na kukagua masanduku ya wasichana, moja baada ya jingine. Miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, na vidole vyake vipana vimekaushwa na sabuni ya kufulia. Kila sanduku huligeuza likaitazama foleni, kisha hutaja vitu kwa sauti ya kukwaruza, na kisichokuwepo hukitaja mara mbili. Ngendo, msichana mgeni aliyetoka Giakanja kwa ufadhili wa kanisa, alimtazama akifanya hivyo mara kumi na moja. Zamu yake ilipofika, matroni alifunua kifuniko kidogo, akachungulia, kisha akaligeuza sanduku likaelekea ukutani. Ndani mlikuwa na sweta na mswaki tu.

"Shuka mbili, ziko," akasoma kwenye karatasi yake. "Blanketi, iko. Slipa, iko. Sabuni, iko."

Hakuruka hata kitu kimoja. Akafunga kifuniko, akainama kama anayetafuta kalamu.

"Shuka utakuja kuchukua kwangu jioni," alisema kwa sauti ya chini. "Na sasa ukiinua hii sanduku, inua kama iko nzito."