Damu ya Mzee Evariste katika Barafu ya Samaki

Emérance alikuwa fundi wa maabara katika zahanati ndogo ya Panda, mtaa wa mji wa Likasi, miaka ile viwanda vya mji huo viliponyamaza kimoja baada ya kingine. Baba yake, mzee Evariste, aliyeyeyusha shaba tangu ujana, alikuwa ameanza kusahau. Alipotea njia ya kanisani. Baya zaidi, aliwaita walio hai kwa majina ya wafu.

Asubuhi moja alisimama dirishani kwa jirani yao Mélanie, akamwita mtoto mchanga wa Mélanie kwa jina la mfanyakazi mwenzake aliyezikwa zamani. Juma lile lile surua ikamchukua mtoto. Tangu hapo kambi nzima ya wafanyakazi ikamwita Evariste mchawi. Philippe, kaka mkubwa wa Evariste, akatangaza kwamba ukoo utakutana Jumapili baada ya misa. Hospitali isipothibitisha ugonjwa, Evariste atatolewa kambini. Wote walijua vijana walichomfanyia mzee wa mwisho aliyetolewa hivyo. Hakufika hata barabara kuu.

Emérance alikuwa na tumaini moja. Daktari fulani wa Lubumbashi alichunguza damu ya wazee wanaosahau. Alikuwa amemweleza kwamba oksijeni inayotupa uhai huacha pia mabaki makali yanayoweza kuumiza seli za ubongo, kama hewa inavyokula chuma kikaota kutu, na kwamba huenda alama za madhara hayo zikaonekana katika damu. Hakuahidi mengi. Aliomba damu ifike ikiwa baridi.

Umeme ulikuwa umekatika, na mashine ya kutenganisha damu imekufa. Emérance akamtoa baba yake damu, akaikabidhi chupa ikiwa nzima kwa Madeleine, muuza samaki wa Kapolowe aliyekuwa akielekea Lubumbashi kwa lori, na yeye mwenyewe Emérance akaizamisha ndani ya barafu ya samaki. Hakukumbuka kwamba wachuuzi huchanganya barafu na chumvi ili ubaridi uzidi. Damu ikawa jiwe, seli zake zikapasuka. Jumamosi Madeleine alirudi na jibu: haipimiki, itumwe nyingine, pamoja na ombi moja zaidi.

Jumapili ua ulijaa. Vijana walisimama mlangoni, mikono mgongoni. Emérance alikuja na koti lake jeupe la kazi.

“Karatasi iko wapi?” Philippe aliuliza.

“Hakuna, baba mukubwa. Damu iliharibika. Ni minye niliiharibisha.”

Mnong'ono ukapita. Kijana mmoja akasogea. Emérance alipandisha sauti kidogo.

“Docteur anaomba ingine. Na anaomba ya mutu wa rika yake, wa damu moja naye, mwenye hasahau, juu ya kulinganisha ile kutu yenye kula bongo. Ni weye.”

Philippe alitazama viatu vyake.

“Na kama yangu pia iko na ile kutu,” alisema taratibu, “mutaniita nani?”

“Tutasema uko mugonjwa, baba mukubwa. Tutakutunza.”

Hakuna aliyecheka. Philippe akawageukia vijana, akawaambia waende nyumbani. Hakuna wa kumgusa mdogo wake mpaka damu zote mbili zijibiwe. Waliondoka polepole, wakigeuka nyuma.

Evariste, aliyeketi kando, aliliona koti jeupe. Kila mwaka kiwandani walipimwa damu, na hilo mkono wake haukulisahau. Akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko. Kisha akamgusa kaka yake begani.

“Kunja yako,” alimwambia. “Wanaita kwa foleni.”