Kivuli Juu ya Birika

Mwalimu wa uchoraji hufundisha madarasa mawili kwa mpigo mmoja: wanafunzi waliokaa mbele yake, na wale wa mbali wanaomfuata mtandaoni. Simu ameifunga kwa waya wa kutundikia nguo, ikaelekea meza. Mimi ni mtunza stoo, na kila nikimpelekea karatasi namkuta ameiinamia. "Mnaniona, wanangu?" Visanduku vyeusi vya kwenye kioo havijibu. Hujifuta mkaa wa kuchorea kwenye suruali, kisha huuliza tena kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Mkuu wa shule ameshamwambia: wasipoleta kazi, darasa la mtandaoni linafungwa.

Jana asubuhi nilimkuta ameduwaa. Kazi za wale wa mtandaoni zilikuwa zimeingia, na katika kila mchoro birika lake la mezani, alilowapa walichore, lilikuwa na mstari mweusi uliopinda tumboni.

"Mama Stoo, hebu njoo! Huu ufa wameutoa wapi? Birika langu zima!"

Nikamwonyesha kivuli cha waya wake wa simu juu ya birika. Kilikuwa upande unaotazamana na simu, asikokaa yeye.

"Kumbe wanaangalia," alisema, akatafuta kiti.

"Basi mwalimu, pumua. Mkuu ataziona."

Hakunisikia. Alikuwa akizihesabu picha upya, kidole kikiacha alama za mkaa kwenye kioo, na uso wake ukarudi ule ule wa wasiwasi: ilipungua moja. Akaisogelea simu.

"Na wewe uliyebaki," aliuliza polepole, "unaniona?"