Kiti cha Milo

Arlys Tvedt ni jirani yangu, mpishi wa pai katika bwalo la chuo hapa Norvale, Iowa. Wanafunzi aliowalisha zamani, sasa wana vipara, wakirudi mjini bado wanamwita mama.

Gwaride la chuo hupita kila Oktoba. Jioni ya kuamkia siku hiyo mji mzima hupanga viti ukingoni mwa barabara kushika nafasi, na hakuna anayegusa cha mwenzake. Arlys na mumewe Milo walikuwa na viwili, na ugomvi wao ulikuwa mmoja. Milo hakukubali kukikosa kile cha mbao. Mkewe alipewa cha turubai.

"Umejipendelea, mzee."

"Mzee ana haki zake," Milo alikuwa akimjibu, akicheka.

Tangu Milo afariki, Arlys huvitoa vyote viwili. Cha mbao hakikaliwi, na ole wako ukiweka hata kofia juu yake.

Mwaka huu tulifika asubuhi, cha mbao hakipo. Arlys alikitafuta mtaa mzima, machozi yakimlengalenga. Mimi nilitaka kumkaba mtu shingo.

"Acha tu, jirani," akaniambia. "Labda aliyekichukua alichoka."

Ndio watu wa huku hao. Ukimkanyaga mmoja wao, yeye ndiye atakayekuomba radhi.

Gwaride likaja: tarumbeta, matrekta, kisha lori la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Juu yake mkuu wa chuo, amevaa taji la karatasi, ametulia tuli kwenye kiti cha Milo.

"Shuka hapo, baba wee! Hicho kiti kina mwenyewe!"

Alikuwa Arlys. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata kuita mbwa. Lori likafunga breki.

Dereva, msichana mgeni mjini, akatoa kichwa dirishani. "Nilikikuta pembeni mwa barabara, mama! Nilidhani mmekitupa!"

Sikuweza kumlaumu. Kila Mei wanafunzi wakihama huacha makochi yao pale pale ukingoni, na anayetaka huchukua. Meza yangu ya kulia niliipata hivyo. Nani alimwambia maskini kwamba Oktoba sheria ni nyingine?

Mkuu wa chuo akavua taji, akamvika Arlys. "Basi mwenyewe apande!"

Tukampandisha juu juu. Akakikalia kiti kile kwa mara ya kwanza maishani mwake, lori likaondoka, nami nikatembea kando yake. Nikamwona anasogea kushoto, anasogea kulia, anakunja uso.

"Vipi, Arlys?"

"Kinachoma mgongo! Ubao umepinda, na mguu mmoja mfupi." Akaanza kucheka, machozi yakimtiririka. "Miaka yote hiyo namnunia yule mwanamume kwamba kachukua kizuri!"

Nikavua sweta nimpe aegemee. Akanirudishia.

"Wacha. Nataka kukaa kama alivyokaa yeye."